Fundi wa Umeme Huanza kwa Maswali

Gereji za Kimbo, hapa Ruiru, zina mafundi wengi ambao ukiwafikishia gari lenye kelele watakutajia ugonjwa kabla hujazima injini. Fundi wa umeme hana nafasi hiyo. Chuma kilichovunjika huonekana na mafuta yanayovuja huacha doa, lakini waya ulioshindwa kazi unafanana kabisa na waya mzima: rangi ileile, unene uleule, umelala mahali palepale ulipolazwa kiwandani Japani. Yeye hutafuta kitu kisichoonekana, na hukitafuta kwa hoja. Nimekaa mara nyingi kwenye benchi la mmoja wao, hatua chache kutoka barabara kuu ya Thika, na kila ninapoinuka heshima yangu kwake huwa imepanda.

Kazi inayonivutia kuliko zote ni ya kiyoyozi cha nyuma. Magari ya familia kama Noah, Voxy na Alphard, pamoja na Hiace za watalii, yana kiyoyozi cha mbele na mara nyingi kingine cha abiria wa nyuma, chenye feni yake, swichi yake na kipozeo chake kilichofichwa darini au ubavuni. Kompresa ni moja, iko mbele kwenye injini. Kwa hiyo umeme unasafiri kutoka kwenye fyuzi na rilei hadi mwisho wa gari, ukipita chini ya mazulia, nyuma ya plastiki na kwenye viungio ambavyo huenda havijaguswa na mtu tangu gari liundwe. Isitoshe, magari haya hutufikia yakiwa yameshatumika, kwa kuwa sheria yetu inaruhusu hadi umri wa miaka 8, na yale yaliyotoka sehemu za Japani zenye theluji yamekwisha kuonja chumvi ya barabarani. Maandishi kwenye vifuniko vya fyuzi ni ya Kijapani. Fundi wa Kimbo husoma rangi za waya. Kwenye Toyota, waya mweupe wenye mstari mweusi ni athi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia bodi, na hilo analijua kama anavyojua jina lake.

Inafaa kukumbuka kwamba ubaridi wa garini ulianzia nyuma. Packard ya mwaka 1939, ya kwanza kuuzwa ikiwa na kiyoyozi cha kiwandani, iliweka kipozeo nyuma ya kiti cha nyuma, kikala sehemu kubwa ya buti. Kompresa haikuwa na klachi, kwa hiyo dereva aliyetaka kuisimamisha alizima injini, akafungua boneti na kuutoa mkanda kwa mkono. Leo klachi ya sumaku inafanya kazi hiyo kufumba na kufumbua, na hapo ndipo umeme ulipoingia katika kila tawi la mfumo huu.

Siku moja mama mmoja alileta Noah anayoikodisha kwa familia zinazokwenda Mombasa. Ukishapita Mtito Andei kuelekea Voi, kiti cha nyuma bila feni ni mateso, na wateja walikuwa wameanza kulalamika. Gereji aliyotangulia kwenda ilikuwa imemwambia mota ya feni imeungua, anunue nyingine. Fundi hakugusa kitu. Alifuta mikono, akamuuliza:

"Mama, hiyo feni inakufa ghafla ama inalegea polepole?"

"Inalegea, fundi. Asubuhi iko sawa. Tukienda mbali inaanza kuvuma kwa shida."

"Na mbele, baridi inatoka vizuri?"

"Mbele hakuna neno."

"Usiku ukiwasha indiketa, hiyo ya nyuma inabadilisha sauti?"

Mama alifikiri kidogo. "Eh! Inapumuapumua pamoja na indiketa. Sikujua hiyo ni shida."

Kwangu mimi, hapo kazi ilikuwa imefika nusu, na hata bisibisi haijainuliwa. Baridi ya mbele iliondoa kompresa na gesi kwenye orodha ya washukiwa. Kulegea polepole kuliiondoa fyuzi, ambayo ama ni nzima ama imekatika. Lakini swali la indiketa ndilo lililonishangaza. Feni na taa za nyuma hazilishwi na waya mmoja, kwa hiyo haina sababu ya kusikia taa inapowaka na kuzima, ila kama vyote viwili vinarudisha umeme kupitia sehemu moja na sehemu hiyo imebana. Alimwambia kijana wake akanyage breki, akaenda nyuma kutazama. Taa ya breki upande mmoja ilikuwa imefifia, na taa ya jirani yake, ambayo haikustahili kuwaka, ilionyesha wekundu hafifu. Umeme uliokosa njia ya kurudi ulikuwa unapenya kwenye taa nyingine kutafuta mlango.

Mwingine angekimbilia boliti za athi papo hapo. Yeye alitaka ushahidi. Alichomoa plagi ya feni, akaweka mita kwenye ncha mbili: volti 13.8. Kijana akasema umeme upo, basi mota ndiyo mbovu. Fundi akatikisa kichwa, na nadhani hapa ndipo gereji ya kwanza ilipokosea. Mita nzuri haili umeme karibu hata kidogo. Waya uliobaki na uzi mmoja wa shaba, au kiungio kilichooza, bado utaionyesha volti zote. Ukiuliza waya swali jepesi utapata jibu jepesi.

Alitoa kifaa chake anachokipenda: globu kuukuu ya taa kubwa, uzi wake mmoja umekatika, wa pili wa wati 60 bado mzima, imeunganishwa waya mbili zenye klipu. Globu hiyo hula ampea tano hivi, karibu na mzigo wa feni yenyewe. Akaibana kwenye plagi ileile iliyosoma volti 13.8. Iliwaka manjano, ya kinyonge. Kijana alinyamaza, akainama kuitazama kwa karibu.

Kisha akarudisha plagi na kusema, "Weka feni namba ya mwisho." Agizo hilo lina maana kubwa kuliko linavyosikika. Kwenye magari mengi ya aina hii, spidi za chini hupitisha umeme kwenye rezista, na ya juu kabisa huiruka. Ndiyo maana feni inayokubali spidi ya mwisho peke yake karibu kila mara ina rezista iliyoungua. Kwa kuchagua namba ya mwisho aliiondoa rezista njiani, kisha akapima huku mota ikizunguka. Upande wa kuingia, kutoka mota hadi bodi: volti 13.6. Safi. Upande wa kutoka, hadi bodi: 6.2, mahali ambapo pangetakiwa kuwa karibu na sufuri. Akasogea hadi kwenye swichi, waya wa kuingia 6.2, wa kutoka 6.2. Kwa hiyo swichi haina kosa. Volti zilikuwa zinapotea mbele yake, kati ya swichi na bodi.

Georg Ohm alichapisha kanuni yake mwaka 1827, na mwenzangu huyu anaitumia kama desturi ya ukoo. Volti 6.2 kwa ampea tano ni kizuizi cha ohm moja na ushee. Kidogo sana kwa kutajwa, lakini ni zaidi ya wati 30 za joto zinazomwagwa pahali pamoja, sawa na ncha ya pasi ndogo ya kulehemu inayowaka saa zote za safari ndani ya ubavu wa gari.

Plastiki ya ubavuni ilitolewa taratibu, klipu baada ya klipu, kila moja ikitiwa kwenye kopo la rangi lililooshwa. Waya nyeupe zenye mstari mweusi zilikusanyika kwenye boliti moja. Gari lilikuwa limewahi kugongwa nyuma na kunyooshwa, na mpaka rangi alikuwa amepuliza bodi yote, na pale chini ya pete ya waya pia, kabla boliti haijarudishwa. Kwa hiyo umeme ulibaki ukipita kwenye meno ya boliti tu. Rangi ilikuwa imetoka malengelenge na pete imekuwa nyeusi. Asubuhi, chuma kikiwa baridi, kilishikana vya kutosha. Kikipata moto kiliachia.

Ninawajua wanaotatua jambo kama hili kwa kupiga dairekti: waya mpya kutoka kwenye betri, bila fyuzi, hadi kwenye feni. Hufanya kazi siku hiyohiyo na mteja huondoka amefurahi, lakini waya huo ukikwaruzwa na bodi huwasha moto chini ya viti vya watoto. Wengine huweka fyuzi kubwa zaidi. Huyu hana subira na mambo hayo, na sauti yake hubadilika akiyazungumza.

Alikwangua rangi kwa msasa hadi chuma kikang'aa, akabadilisha pete, akakaza, akapaka grisi juu. Kisha akapima tena, feni ikiwa namba ya mwisho: volti 0.04. Ubishi ulikuja kwenye malipo. Mama aliuliza kwa nini alipe fedha hizo kwa kusafishwa boliti, na ni kweli kwamba wengi wetu tunalipia spea kwa moyo mkunjufu na kununa tukilipia akili. Fundi alimweleza kwa upole ni nini kingeendelea kuharibika baada ya mota mpya. Akalipa.

Kijana alikuwa ameanza kurudisha plastiki. Fundi akamsimamisha, akaenda upande wa pili wa gari, ambao haukuwa na lalamiko lolote, akafungua boliti ya athi ya upande ule. Mpaka rangi alikuwa mmoja. Nayo ilikuwa imepakwa, kwa hiyo akachukua msasa.