Neno "Wapolandi" na Watu wa Tengeru

Wakimbizi waliokaa kambini Tengeru, chini ya Mlima Meru, watajwapo katika maandishi ya Kiswahili, aghalabu huitwa "Wapolandi", na neno hilo huachwa hapo kana kwamba limekwisha eleza kila jambo. Watu hao, wapata 5,000, wengi wao wanawake na watoto, walianza kufika mwaka 1942, baada ya kuhamishwa makwao kwa nguvu na serikali ya Kisovieti na kupitia Iran. Lakini katika makaburi yao wamo Wakatoliki, Waorthodoksi na Wayahudi. Atumiaye neno moja kwa uraia, lugha, dini na nasaba ametutungia Polandi ya watu wa namna moja, nayo haikuwapo.

Katika Polandi ile, kati ya vita kuu viwili, walikuwamo Wakaraimu, jamaa ndogo ya watu kama elfu moja hivi, wakaao Troki, Halicz na Łuck. Huishika Taurati na kuikataa Talmudi. Lugha yao ya asili ni ya jamii ya Kituruki. Je, ni Wayahudi, au ni Waturuki wenye Taurati? Seraya Szapszal, mtaalamu wa elimu za Mashariki aliyechaguliwa mwaka 1927 kuwa mkuu wao wa dini, alilishikilia jibu la pili kwa bidii kubwa.

Lilikuwa swali la wanazuoni, hata Wanazi wakaligeuza kuwa la uhai na mauti. Tarehe 5 Januari 1939 ofisi ya nasaba ya Ujerumani iliamua ya kuwa dini ya Wakaraimu isihesabiwe kuwa ya Kiyahudi, ila kila mtu apimwe kwa nasaba yake. Vita vilipokwisha kuanza, Zelig Kalmanovich, bingwa wa lugha aliyefungiwa pamoja na Wayahudi wenzake katika mtaa wao mjini Vilnius, alitakiwa na Wajerumani atoe rai. Akasema Wakaraimu si wa asili ya Kiyahudi. Na wanahistoria wengi wameona ya kuwa alinena hivyo ili kuwaokoa. Yeye mwenyewe alifia kambini nchini Estonia.

Wako wasemao ya kuwa lugha ndiyo iliyowaponya Wakaraimu. Hoja hiyo haisimami. Wakrimchaki wa Krimea nao walisema lugha ya Kituruki, lakini walifuata Talmudi. Tangu mwisho wa mwaka 1941 waliuawa kwa maelfu.

Wala mkaaji wa Arusha hahitaji kwenda Ulaya ili aone udhaifu wa kupima nasaba kwa ulimi. Waarusha husema Kimaasai, nao ni wakulima wa migomba na mahindi. Majirani zao Wameru, katika miteremko ya mlima ule ule, husema lugha ya Kibantu iliyo karibu na Kichaga. Asikilizaye lugha tu atamwita Mwarusha Mmaasai. Atazamaye shamba tu atamwita Mmeru. Na wote wawili hawajamwuliza mwenyewe.

Nionavyo mimi, waandishi wa habari za Tengeru waseme "raia wa Polandi". Dini ya mtu, pale ijulikanapo, na itajwe kwa jina lake, na lugha yake vivyo hivyo, wala moja isifanywe shahidi wa nyingine.