Chapa Iliyotumwa Mapema: Jinsi Van Gogh Alivyoonyesha Kazi Ambayo Haijaiva

Mchoraji wa ridhaa ana shida moja ambayo aliyepita chuoni huimaliza mapema: hana mwalimu wa kusimama nyuma yake na kumwambia mkono huu umekuwa mfupi. Inambidi atafute macho ya watu wengine, na awaonyeshe kazi ikiwa bado mbichi. Watu wengi hujiuliza kama waonyeshe au wasubiri. Mimi naona swali zito zaidi ni namna ya kuonyesha: kazi ipite njia gani, ifike kwa nani, ikiwa katika hatua ipi. Kwa swali hilo sijui mfano ulio wazi kuliko miezi michache ya mwaka 1885 katika kijiji cha Nuenen, kusini mwa Uholanzi, Vincent van Gogh alipokuwa akihangaika na picha yake ya Wala Viazi.

Jina hilo leo ni kubwa mno, kwa hiyo kwanza tumrudishe alikokuwa. Alikuwa na miaka 32. Kuchora kwa dhati alikuwa amekuanza mwaka 1880, akiwa na miaka 27, baada ya kushindwa kuuza picha dukani, kufundisha na kuhubiri. Chuo cha sanaa cha Brussels alikipitia kwa muda mfupi tu. Sehemu kubwa ya elimu yake aliipata kwa kunakili karatasi za mafunzo za Charles Bargue, moja baada ya nyingine, kisha anarudia tena. Aliishi kwa fedha za kila mwezi kutoka kwa mdogo wake Theo, aliyefanya kazi ya kuuza picha Paris. Kwa wenyeji wa Nuenen alikuwa mtoto wa mchungaji, mtu mzima asiye na kazi inayoeleweka.

Picha yenyewe inaonyesha watu watano wa familia ya wakulima, wamezunguka meza chini ya taa moja ya mafuta, wanakula viazi kutoka sahani moja huku mwanamke akimimina kahawa. Vincent hakuivamia. Majira yote ya baridi alipaka vichwa vya wakulima, na lengo alilojiwekea lilikuwa vichwa 50. Ilipofika Aprili alianza kuunganisha watu mezani: kwanza jaribio dogo la rangi za mafuta, kisha la pili lililo kubwa zaidi, ambalo leo liko katika Jumba la Makumbusho la Kröller-Müller, na mwisho turubai kubwa la sentimita 82 kwa 114. Kati ya hatua ya pili na ya tatu ndipo yalipotokea mambo ya kuchambuliwa hapa.

Theo aliifuatilia kazi hiyo kwa barua. Vincent alimwandikia bila kuchoka, na kwenye karatasi zilezile akawa anachora mistari michache ya kuonyesha kazi imefika wapi. Mara kwa mara aliandika majina ya rangi juu ya mchoro wenyewe, ili msomaji ajazie kichwani kile ambacho wino hauwezi kubeba. Barua ya Aprili 9 ina mchoro wa namna hiyo wa Wala Viazi. Hakuna mtu anayeutazama mchoro wa kwenye barua na kuuliza goti la mtu huyu liko wapi. Ni taarifa. Uko katikati ya maneno, na maneno ndiyo yanayomwelekeza msomaji atazame nini na asamehe nini.

Na maneno yenyewe yalikuwa ya kifundi hasa. Vincent alimweleza Theo kwamba vichwa alikuwa amevimaliza kwa rangi ya kawaida ya ngozi: manjano ya udongo, nyekundu ya udongo na nyeupe. Akaona vimekuwa vyepesi mno. Akavipaka upya bila huruma, safari hii kwa rangi inayokaribia ya kiazi chenye vumbi ambacho hakijamenywa. Kuhusu sehemu zinazoonekana nyeupe alieleza jambo ambalo hadi leo ningemtaka kila anayeanza rangi za mafuta alijaribu. Nyeupe ya kwenye tyubu aliitumia kwa uchache sana. Alichanganya nyekundu ya zebaki, buluu ya Paris na manjano ya Naples, akapata kijivu kilichoiva. Ukikiweka pekee kwenye ubao wa kuchanganyia, ni kijivu tu, tena cheusi. Ukikiweka katikati ya chumba cha giza kinachoangazwa na taa moja, jicho linakisoma kuwa cheupe, kwa sababu kila kilicho jirani yake ni cheusi zaidi. Nguvu ya picha iko hapo, katika mahusiano ya rangi nzito zilizokaribiana. Hata namna ya kuitundika aliiandika: iwe ndani ya fremu ya rangi ya dhahabu, au kwenye ukuta wenye rangi ya ngano iliyoiva. Kwa maoni yake, bila hivyo picha isingeonekana kabisa.

Mji wa jirani, Eindhoven, ulikuwa na watazamaji wa aina nyingine. Huko Vincent alikuwa na kikundi cha watu waliochora kwa ridhaa, naye akawa mwalimu wao, yeye ambaye hakuwa na cheti chochote cha kumruhusu kufundisha. Alikuwapo Hermans, sonara mstaafu. Van de Wakker, mfanyakazi wa telegrafu. Na Kerssemakers, mwenye kiwanda cha ngozi. Hakuwatoza fedha, alitaka wamlipe kwa tyubu za rangi. Aliwaanzisha kwa kuchora vyungu na chupa, naye mwenyewe akichora vyungu na chupa pamoja nao. Kwa Kerssemakers ndiko alikolipeleka turubai kubwa likauke, kisha akarudi baada ya siku chache kulipaka ute wa yai, kuondoa ule ufifiaji unaozipata rangi nzito zikikauka, na kumalizia vitu vidogovidogo. Hebu fikiria alichokiona mtengeneza ngozi yule: picha yenyewe, kwa ukubwa wake, rangi bado inanuka, mwenye kazi yuko pembeni na brashi mkononi. Kwa anayejifunza, na kwa anayetaka kusahihishwa, sijui kama kuna nafasi iliyo bora kuliko hiyo.

Sasa tuje kwenye chapa.

Katikati ya Aprili, akiwa na jaribio la pili tu mkononi, Vincent aliamua kuitoa picha yake kwa chapa ya jiwe katika kiwanda cha uchapaji cha Gestel, hukohuko Eindhoven. Ufundi wake ni huu. Unachora moja kwa moja juu ya jiwe lililosawazishwa kwa kalamu yenye mafuta. Jiwe likiloweshwa, maji yanakaa pasipo na mchoro na kuukimbia mchoro. Ukipitisha rola ya wino wa mafuta, wino unashika penye mafuta tu na kukataa penye maji. Unalaza karatasi, unagandamiza, picha inahamia kwenye karatasi ikiwa imegeuzwa, kushoto kuwa kulia. Fundi mzoefu huchora kinyume juu ya jiwe ili karatasi itoke sawa. Vincent hakujihangaisha na hilo, ndiyo maana kwenye chapa mwanamume mwenye kofia amekaa kulia, wakati kwenye turubai yuko kushoto.

Kugeuka si tatizo. Tatizo ni kwamba aliichora kwa siku moja, tena kwa kumbukumbu, bila mtu wa kumtazama mbele yake. Na wino mweusi una tabia yake. Kijivu chote kile kilichosukwa kwa buluu, nyekundu na manjano kilipotea. Kilichobaki ni mstari na umbo, yaani sehemu ambayo mchoraji huyu alikuwa dhaifu zaidi. Aliyejua rangi kuliko viungo vya mwili alichagua njia inayoficha rangi na kuanika viungo.

Nakala zikaenda kwa Theo, ili pia amwonyeshe muuza picha Portier, na nyingine ikaenda kwa Anthon van Rappard. Huyu alikuwa rafiki wa tangu Brussels mwaka 1880, mchoraji mwenye mafunzo ya chuo, kijana wa familia yenye uwezo. Walishazoea kuonyeshana kazi, kubadilishana picha za magazeti ya Kiingereza na kukosoana. Jibu lake la Mei 24, 1885 ni kati ya barua kali kabisa za historia ya sanaa. Alikataa kuamini kwamba kazi ile ilifanywa kwa dhati. Akaanza kuhesabu kasoro: mkono wa mwanamke wa nyuma umejipinda kwa madaha yasiyo ya kweli, birika halijasimama wala halijashikwa, mwanamume wa kulia hana goti, hana tumbo, hana mapafu, na mkono wake umepungua mita nzima, pua moja ni nusu, nyingine imekaa kama shina la kiko. Akamalizia kwa kumuuliza anathubutuje kuwataja wachoraji Millet na Breton huku anafanya kazi namna hii. Vincent aliikunja barua ile na kumrudishia.

Tukiweka chapa mezani na kupima kasoro moja moja, Rappard ana haki karibu kote. Mkono wa yule mwanamume kweli ni mfupi. Birika kweli linaelea. Wanaomtetea Vincent kwa kusema alikusudia yote hayo wanamfanyia hisani asiyoihitaji, kwani yeye mwenyewe baadaye alikiri kwamba chapa ilikuwa na makosa, akaeleza ilivyofanywa kwa siku moja na kwa kumbukumbu. Rappard alipokosea ni kuhukumu nia ya mtu kwa karatasi moja. Aliitazama hatua ya kati akadhani ni mwisho. Alipokuwa akiandika, turubai lenyewe lilikuwa limeshatumwa Paris, na yeye hakuwa ameliona.

Lakini lawama kubwa naiweka kwa mtumaji. Kitu kilichochapwa hujitangaza kuwa kimekwisha. Kina wino wa kiwandani, kina nakala, kinafanana na picha za magazetini ambazo wawili hawa walizikusanya kwa miaka na kuzipima kwa jicho kali. Ukimpelekea mtu kama Rappard chapa, umemwomba atumie kipimo kilekile anachokitumia kwa mabingwa wa magazeti ya London. Angempelekea mchoro wa kwenye barua, au angemwita Nuenen aone turubai likiwa bichi, nadhani angepata maneno mengine kabisa. Vijana wetu wanaochora kwa penseli na kuipiga kazi picha ya simu usiku, chini ya taa ya njano, kisha wanairusha kwenye kundi la WhatsApp, wanafanya jambo hilohilo: kivuli chote walichokijenga kinageuka doa, na wenzao wanakosoa doa.

Hasira ya Vincent haikumzuia kuzitumia zile lawama. Paris nako, mchoraji mzee Serret alikuwa ametoa maoni kuhusu miundo ya watu wake, na Vincent akamwandikia Theo kwamba Serret ana haki kwa kiasi fulani. Aliongeza kwamba angekata tamaa kama watu wake wangekuwa sahihi kwa vipimo vya chuoni, maana alichokitaka ni mtu anayechimba, si mtu anayesimama katika pozi la kuchimba. Hapa ndipo ninapomwona fundi. Hakubishana kwa maneno tu. Majira yote ya kiangazi alitoka kuchora wakulima kwa chaki nyeusi, watu wazima kutoka kichwa hadi kiatu, wakiinama, wakivuna, wakibeba. Alikuwa amesoma katika kitabu cha Gigoux maneno yaliyonasibishwa na mchoraji Delacroix, kwamba umbo lishikwe kutoka katikati ya uzito wake badala ya kuzungushiwa mstari wa pembeni. Ukilinganisha michoro hiyo na ile chapa ya Aprili, migongo imepata mviringo, matumbo yamepata ujazo, na mtu akiinama unaona uzito umelalia mguu upi. Goti na tumbo alivyoulizwa na Rappard vilipatikana, ndani ya miezi michache.

Rafiki hakupatikana tena. Waliandikiana hadi Septemba, Vincent akishikilia kwamba barua ile ifutwe yote, kisha wakanyamaza. Katika moja ya barua hizo za mwisho alimweleza kwamba huendelea kufanya asichokiweza bado, ili ajifunze kukiweza.

Kuhusu picha yenyewe, hukumu yake haikuyumba. Mwaka 1887, akiwa Paris na rangi zake zimeshaanza kung'aa, alimwandikia dada yake Willemien kwamba, baada ya yote, ile ya wakulima wanaokula viazi ndiyo kazi bora aliyoifanya. Hata hivyo hakuihesabu kuwa imekwisha. Mwishoni mwa Aprili 1890, akiwa katika hospitali ya Saint-Rémy, alimwomba Theo amtumie michoro yake ya zamani ya watu, kwa sababu alifikiria kuichora upya, taa ileile na chakula kilekile, safari hii tena kwa kumbukumbu. Alifariki Julai 29 mwaka huohuo kabla ya kuirudia, na turubai la 1885 ndilo linaloning'inia leo katika Jumba la Makumbusho la Van Gogh, Amsterdam.