Namna ya Kupima Ushindi wa Mchezaji wa Tenisi

Msomaji wa Mtwara, aliyezoea kumwona mnunuzi akipasua korosho chache za gunia ili atazame kiini kabla ya kutaja bei, hana haja ya kufundishwa kwamba wingi si ubora; na kanuni hiyo ndiyo mizani ya orodha ya ushindi wa mchezaji wa tenisi, ambayo aghalabu husomwa na watu wahesabuo mataji bila kuyachungua.

Kwanza hutazamwa mpinzani. Angella Okutoyi wa Kenya alipotwaa dhahabu ya mchezaji mmoja mmoja katika Michezo ya Afrika, Accra, Machi 2024, nishani yake ilipata uzito kwa kuwa katika nusu fainali alikuwa amemshinda Mayar Sherif wa Misri, bingwa wa Parma wa mwaka 2022.

Pili hutazamwa daraja. Taji la Wimbledon alilolitwaa Okutoyi mwaka 2022, pamoja na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi, lilikuwa la wasichana, tena la wawili wawili. Mwenye insafu hulitaja hivyo hivyo, asilikuze likawa la wakubwa wala asilidunishe, maana kabla yake hapakuwa na Mkenya aliyetwaa taji lolote katika mashindano manne makuu ya tenisi.

Tatu, na hapa ndipo penye siri, hutazamwa mfuatano wa alama. Fainali ile ya Wimbledon, dhidi ya Kayla Cross na Victoria Mboko wa Kanada, ilikwisha 3–6, 6–4, 11–9: katika seti mbili za mwanzo washindi walipata gemu 9 na washindwa 10, kisha taji likaamuliwa kwa tofauti ya pointi 2 katika mchuano wa pointi uliochezwa badala ya seti ya tatu. Ajumlishaye gemu tu angewapa kombe walioshindwa. Mjuzi huona humo uthabiti wa moyo katika pointi iliyo nzito kuliko zote. Tena Mboko, binti wa wazazi wa Kikongo, alipotwaa ubingwa wa Montreal mwaka 2025, ushindi ule wa zamani ulizidi thamani.

Kwa hiyo walimu wanaoandika matokeo ya vijana wetu, kutoka Mikindani hadi Msimbati karibu na mdomo wa Ruvuma, wasiridhike kuandika kwamba fulani alishinda. Waandike alimshinda nani, katika daraja gani na kwa mfuatano gani wa alama, kwani kipaji kisichoandikwa kwa ukamilifu hakiwezi kupimwa kwa haki, na haki hiyo ni ya mtoto wa pwani hii kama ilivyo ya bingwa wa Wimbledon.