Kifaru Ndani ya Boksi

Katikati ya miaka ya 1960, kiwanda cha Mettoy kule Swansea, Wales, ambacho kilitengeneza vigari vya Corgi, kilitoa Volkswagen ndogo nyekundu yenye namba 256 kwenye katalogi. Ni mfano wa gari la mashindano ya East African Safari. Ukizungusha tairi la akiba lililo juu ya paa, magurudumu ya mbele yanakata kona. Na ndani ya boksi, pamoja na gari, kuna kifaru.

Nimezitazama picha za kigari hiki kuliko ninavyoitazama tasnifu yangu ya umahiri, na naona kinastahili kusomwa kama tunavyosoma riwaya ya safari. Kimechagua nini cha kuweka na nini cha kuacha? Kimeweka mnyama. Kimeacha tope, madaraja, mafundi, na watu waliosimama kando ya barabara. Mtoto wa Swansea aliyesukuma Volkswagen ile kwenye zulia alikuwa akiendesha katika nchi yetu bila kukutana na yeyote kati yetu.

Mashindano yenyewe yalianza mwaka 1953, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, magari yakikatiza Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka huohuo kampuni ya Lesney ya London iliingiza sokoni mfano mdogo wa kigari cha farasi cha kutawazwa huko, na ikauza zaidi ya milioni moja. Kutoka hapo likazaliwa jina la Matchbox. Kwa hiyo sherehe moja ya kifalme ilitupatia sisi vumbi, na wao ikawapatia vigari. Mwaka 1965 Joginder Singh wa Kenya na nduguye Jaswant walishinda Safari kwa Volvo ambayo tayari ilikuwa imetumika na timu ya kiwanda, yaani gari la mtumba. Hadithi hiyo ni tamu kuliko ya kifaru.

Wakusanyaji wa vigari vya zamani wana kanuni yao: chenye boksi lake ni bora kuliko kisicho na boksi, na ambacho hakijawahi kuchezewa ni bora kuliko vyote. Wanasema wanakusanya utoto wao. Hapo ndipo ninapogoma. Kigari ambacho hakijaguswa hakina utoto wa mtu yeyote ndani yake. Kina dukani tu. Utoto uko kwenye rangi iliyobanduka, kwenye ekseli iliyopinda kwa sababu mtu aliikanyaga akikimbilia ugali. Nina Land Rover moja ya Matchbox niliyoinunua kwa shilingi elfu mbili kwenye rundo la mitumba Tukuyu mjini, katikati ya wanasesere wasio na mikono. Rangi imekwisha, tairi moja halipo, lakini tumboni bado pameandikwa kwamba imetengenezwa Uingereza na Lesney. Mkusanyaji wa kweli angeitupa. Mimi naijali kwa sababu hiyohiyo: kuna mtoto nisiyemjua aliyeimaliza.

Jina Matchbox lina kisa chake. Inasimuliwa kwamba binti wa Jack Odell, mhandisi wa Lesney, aliruhusiwa kupeleka shuleni mchezo ule tu unaoenea ndani ya kiboksi cha kiberiti, basi baba akamtengenezea kigari kidogo cha kushindilia barabara. Msomaji uliyekulia Rungwe, cheka nami kidogo. Kule gari liliingia ndani ya kiberiti. Kwetu kiberiti ndicho kilikuwa gari. Viboksi vinne vilivyofungwa kwa uzi vilikuwa basi la kwenda Kasumulu, na kama ulipata vifuniko vya soda, lilikuwa basi lenye matairi.

Lakini mfalme alikuwa gari la waya. Waya wa kufungia nondo, uliookotwa mahali nyumba inajengwa. Matairi ya ndala, yaliyokatwa kwa kisu cha jikoni kwa kuzungushia mdomo wa kikombe. Springi za mpira wa tyubu ya baiskeli. Na kile ambacho hakuna kigari cha kiwandani nilichowahi kukishika kinacho: mti mrefu uliotoka kwenye ekseli ya mbele hadi kifuani mwa dereva, ukiishia na usukani wa waya. Huchezi nalo umepiga magoti. Unatembea nyuma yake, kilomita mbili, tatu, unatumwa chumvi na gari linakwenda na wewe. Lilikuwa Fuso, karibu kila mara. Barabara ya Uyole hadi Kasumulu ilitufundisha kwamba gari ni kitu kinachobeba ndizi kupeleka Dar es Salaam, kwa hiyo la kwetu nalo lilipakizwa: vindizi vilivyoanguka kabla ya kukomaa, majani ya chai, mdogo wako akikubali kuwa mzani.

Mwaka 1957 Roland Barthes aliandika kwamba vitu vya kuchezea vya Ufaransa vinamfanya mtoto kuwa mtumiaji wa ulimwengu, kamwe si mwumbaji wake. Tuliposoma hilo kwenye semina, niliona kama ameandikiwa mtu wa Tukuyu. Ila jibu lililotoka haraka darasani, kwamba basi mtoto wa Kiafrika ni mbunifu na hahitaji cha kiwandani, ni sifa ya bei rahisi. Tulikihitaji. Kijana mmoja wa jirani yetu alipata kigari cha chuma kutoka kwa mjomba wake, na kwa wiki nzima tulimbebea maji ili tukishike kwa zamu. Ubunifu wetu ulikuwa wa kweli, na ukosefu nao ulikuwa wa kweli. Anayeimba cha kwanza na kukiruka cha pili anatuuzia kitu. Sishangai kwamba magari ya waya yamehamia maduka ya vinyago, yakiuzwa kwa watalii kama sanaa. Niliyoyashika huko yamepakwa rangi nzuri na magurudumu yao hayazunguki vizuri. Yametengenezwa yatazamwe.

Kaka yangu ndiye aliyekuwa fundi wa kwetu. Sasa anachomelea mageti Uyole. Nilipomtumia picha ya ile Land Rover kwenye simu alijibu kwa maneno matatu: “Usukani uko wapi?” Nilidhani anatania. Akapiga. “Mdogo wangu, hilo linasukumwa kama ng’ombe. La kwangu lilikuwa linaendeshwa.” Sijasoma uhakiki mzuri kuliko huo mwaka huu, na ninasoma uhakiki kila siku.

Nikamwuliza Fuso lake la mwisho lilikwenda wapi, lile la ekseli tatu, ambalo mama alilijua kwa sababu ndala zake zilipotelea humo. Nilikuwa na mpango. Nilitaka kuandika kwamba mahali fulani Uingereza kuna kabati lenye kioo na taa kwa ajili ya Volkswagen namba 256, na kwamba Fuso letu linastahili kabati pia.

Chuma chenyewe cha vigari vile si chuma. Ni zinki iliyochanganywa na aluminiamu kidogo na madini mengine, ikayeyushwa na kushindiliwa ndani ya kalibu. Baadhi ya Dinky Toys za Liverpool za miaka ya 1930 zilichafuliwa na risasi wakati wa kuchanganya, na sasa zinapasuka na kubomoka zenyewe ndani ya makabati, bila kuguswa na mtoto. Wakusanyaji wanauita ugonjwa, na hauna dawa.

Kaka alinijibu kwamba Fuso alilifumua mwenyewe, mwaka aliomaliza darasa la saba. Bibi alihitaji waya wa mlango wa banda la kuku. Nilipokwenda nyumbani Desemba nilikwenda kuutazama. Una kutu, umejikunja pale ulipokuwa bodi, na ukiuangalia kwa makini utaona bado una kona mbili za mraba ambazo mlango wa kuku hauna haja nazo. Bibi aliniuliza natafuta nini humo, kuku walikuwa wameshataga asubuhi.