Siku ya Tatu Hakupewa Jembe: Wake in Fright na Mji wa Migodi

Riwaya ya Kenneth Cook, Wake in Fright (1961), imezoeleka kusomwa kama picha ya mji wa migodi ulioko porini kabisa huko Australia: joto, vumbi, bia, kamari na wanaume waliopotoka. Katika semina yetu ya fasihi linganishi muhula uliopita karibu wenzangu wote walishika njia hiyo. Mmoja aliandika ubaoni kwamba mandhari humuumba mhusika, na mjadala ukafungwa hapo. Mimi sikuridhika. Nasema hivi: riwaya hii ni hodari mno inapohusu kuuzuru mji wa migodi, lakini juu ya kuishi humo haisemi karibu lolote. Tukiisoma kana kwamba imesema, tunawaonea watu.

Kwa ndugu msomaji ambaye hajaisoma: John Grant ni mwalimu kijana wa shule ya Tiboonda, kituo cha reli ambacho karibu hakina kitu kingine zaidi ya shule na baa. Amefungwa na mkataba wa serikali, hawezi kuondoka mpaka autumikie. (Sisi wa ualimu hatuhitaji mhadhara kuelewa hapo.) Likizo ya Krismasi inafika, wiki sita, naye anataka Sydney, bahari na msichana anayemuwaza. Njiani analazimika kulala usiku mmoja Bundanyabba, mji wa migodi ambao wenyeji wanauita Yabba. Usiku mmoja tu, jamani! Polisi Jock Crawford anamnunulia bia, halafu nyingine, halafu nyingine, kisha anampeleka kwenye mchezo wa kurusha sarafu mbili, ambapo watu wanabashiri zitaangukia upande gani. Grant anashinda fedha nyingi. Anapiga hesabu kwamba akishinda kidogo tena atajikomboa na ualimu. Anarudi, anapoteza zote. Kuanzia hapo anaishi kwa kunyweshwa. Anawinda kangaruu usiku pamoja na Dick, Joe na Doc Tydon, daktari mlevi. Anajaribu kukimbia, lakini lori alilodhani linampeleka Sydney linamshusha palepale Yabba. Anajipiga risasi, hafi, na mwishowe anarudi Tiboonda kuanza muhula.

Ploti ni ya duara, na wenzangu waliisifu kwa hilo. Sawa. Lakini jambo la fani lililonivuta mimi zaidi ni nafasi ya msimulizi. Hadithi inasimuliwa kwa nafsi ya tatu, ila nafsi hiyo haitoki nje ya kichwa cha Grant hata hatua moja. Kila mtu wa Yabba tunamwona kupitia macho ya kijana aliyekuwa amekwisha kuudharau mji kabla treni haijasimama, na tangu usiku wa kwanza macho hayo yana bia. Sasa hayo ndiyo macho ya kuaminiwa? Cook mwenyewe aliwahi kufanya kazi ya uandishi wa habari huko Broken Hill, mji ambao kila mtu anakubali kwamba ndio uliovishwa jina la Bundanyabba. Maana yake alikuwa na macho mengine ya kuchagua. Angeweza kutupa mchimbaji, au mke wa mchimbaji, au hata mwandishi wa habari aliyehamishiwa huko. Akachagua mpita njia. Huo ni uteuzi wa kifani, na mhakiki anayeusahau atabebeshwa dharau ya Grant akidhani ni uchambuzi wa jamii.

Waswahili tunasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ukiipima riwaya hii kwa methali hiyo, utaona kitu ambacho wahakiki wanaozungumzia ukatili wa jangwa hawakioni. Tatizo la Yabba ni kwamba siku ya tatu haifiki. Hakuna anayempa Grant jembe. Wanampa bia, nyama, mahali pa kulala, na wale wawindaji wanampa hata bunduki, ileile atakayojielekezea mwenyewe. Anapewa kila kitu isipokuwa kazi. Mtu anayekula kwa watu bila kushika jembe hugeuka mzigo, na yeye mwenyewe anaanza kujichukia. Cook ameonyesha kujichukia huko kwa ustadi ambao sijauona mahali pengi. Hakuna adui katika kitabu kizima, wala mtu anayemtakia Grant mabaya. Ukarimu peke yake unatosha kummaliza. Kukataa kinywaji ni tusi, kukipokea ni kuzama. Hapo namvulia Cook kofia.

Lakini jembe lenyewe liko wapi? Hii ni riwaya ya mji wa migodi ambayo haimshushi mhusika wake mkuu mgodini. Mgodi uko upande wa pili wa ukuta wa baa. Hebu tutazame basi upande huo, maana Broken Hill si mji wa kubuni.

Uko zaidi ya kilomita 1,100 magharibi ya Sydney, kwenye nchi ya watu wa Wilyakali, ambao riwaya haiwapi sauti. Uko mbali na makao makuu ya jimbo lake kiasi kwamba unafuata saa za jimbo jirani, South Australia. Mwaka 1883 Charles Rasp, mfanyakazi wa shamba la mifugo, aliokota pale mawe yaliyokuja kugundulika kuwa na fedha, risasi na zinki. Mwaka 1885 ikaundwa kampuni ya BHP, iliyokuja kuwa moja ya kampuni kubwa za madini duniani. Ilipofika 1939 ilikuwa imekwisha uacha mji huo. Mitaa ilipewa majina ya vitu vya maabara: Argent, Sulphide, Chloride, Oxide. Ukimwelekeza mgeni njia utadhani unafundisha kemia. Mizigo ililetwa na ngamia walioongozwa na Waislamu kutoka pande za Afghanistan na India ya wakati ule, na msikiti mdogo wa mabati walioujenga mwishoni mwa karne ya 19 umesimama mpaka leo, umefanywa makumbusho. Tanuri la riwaya nyingine kabisa lilikuwa pale likiwaka, Cook akalipita.

Zaidi ya yote kuna migomo. Walisimama mwaka 1892, wakasimama tena 1909, na tangu 1919 hadi 1920 waligoma kwa takriban miezi 18. Miezi kumi na minane bila mshahara, katikati ya jangwa! Walitoka na wiki ya kazi ya saa 35, wakati ambapo wafanyakazi wengi duniani walikuwa hawaioni hata ndotoni. Baadaye vyama vikaungana katika Barrier Industrial Council, na kwa miongo kadhaa baraza hilo lilikuwa na sauti juu ya mambo ambayo kwingine ni ya serikali. Hata gazeti la mji lilikuwa mali ya vyama.

Msomaji akiyajua haya, sehemu moja ya riwaya inabadilika kabisa. Kila mtu anayekutana na Grant anamuuliza anaionaje Yabba, na wote wanataka jibu moja: kwamba ni mahali pazuri kuliko pote. Grant anaona huu ni ujinga wa watu wasiosafiri. Wenzangu darasani walicheka pamoja naye. Mimi naona ni usaili. Wenyeji wa Broken Hill wana desturi ya kugawa watu: aliyezaliwa pale ni wa kundi la A, na asiye wa pale ni mtu wa kutoka mbali, hata kama amekaa miaka. Mgawanyo huu ulikuwa na uzito wa mkate, kwa sababu ulihusu nani apewe kazi kwanza. Kwa hiyo mtu wa pale anapokuuliza unauonaje mji, anataka kujua akuweke kundi gani. Grant anajibu kwa adabu ya uongo, nao wanaujua uongo huo vizuri sana. Wanaendelea kumnywesha kama mgeni.

Sitaki ieleweke kwamba namtetea kila mtu wa mji ule. Mshikamano uliowapa saa 35 ndio huohuo uliofunga mlango kwa wengine. Hadi mwaka 1981 mwanamke akiolewa katika Broken Hill, kwa kanuni ya vyama, alitakiwa kuacha kazi, isipokuwa kada chache. Sababu waliyoitoa ilikuwa kugawana ajira, kila nyumba mshahara mmoja. Sasa mrudie Janette, binti wa Tim Hynes. Ni mwanamke pekee wa Yabba anayepewa nafasi ya maana, na tunamwona akiwahudumia marafiki wa baba yake wanaolewa sebuleni, kisha akitoka nje na Grant gizani, jaribio lao la mapenzi linaishia kwa Grant kutapika. Msimulizi anamfanya kitendawili cha tamaa, mwanamke wa ajabu. Kwani ajabu iko wapi? Katika mji ambao ndoa inamaanisha kurudishwa jikoni, na wanaume wote jirani ndio hao walioko sebuleni, mwanamke huyu ana milango mingapi? Cook amemweka mlangoni pa swali kubwa la kijamii kisha akamwachia Grant alitapikie. Hapa ndipo naona udhaifu mkubwa wa kimaudhui, na sidhani kisingizio cha mtazamo wa mhusika kinatosha kuuficha.

Filamu ya mwaka 1971 imeusaidia na kuuharibu usomaji huu. Iliongozwa na Ted Kotcheff, Mkanada, mswada ukaandikwa na Evan Jones, mzaliwa wa Jamaika, na ikapigwa Broken Hill kwenyewe. Yaani wageni wawili wanasimulia juu ya mgeni! Hata hivyo ndani yake yuko Chips Rafferty, katika nafasi ya polisi Crawford, naye alizaliwa Broken Hill mwaka 1909. Mtazame anavyosimama baa. Hafanyi lolote la kutisha, anatulia tu kama mtu aliye kwake, na utulivu huo unasema juu ya mji mambo ambayo mswada hauna. Ilikuwa filamu yake ya mwisho. Uwindaji wa kangaruu ulitumia picha za uwindaji halisi, na ni vigumu kuutazama. Nakala asilia za filamu zilipotea kwa miaka mingi hadi zilipopatikana Pittsburgh, Marekani, mwaka 2004, kwenye shehena iliyoandikwa kwamba iteketezwe. Mwaka 2009 filamu ikaonyeshwa upya Cannes. Jack Thompson, aliyeigiza Dick, amesimulia mara nyingi kwamba filamu ilipotoka mtazamaji mmoja alisimama akapiga kelele kwamba hao si wao, naye akamwambia akae chini, ndio wao. Kisa hiki hupendwa na wahakiki. Lakini Thompson ni mzaliwa wa Sydney. Alikuwa anasema Waaustralia wote, pamoja na Sydney anayoikimbilia Grant. Tukikitumia kisa hicho kuuhukumu mji mmoja wa wachimbaji tunakipindua.

Labda niseme ninaposimama. Nimezaliwa na kukulia kwenye kota za mgodi, mkoa wa Shinyanga. Mgeni akifika mji wa mgodi huona baa kwanza, kwa sababu baa ndiyo mahali pekee ambapo mgeni anaruhusiwa kuingia bila kitambulisho. Haoni king'ora kinavyopanga saa za kulala za watoto, wala kinamama wanavyosikiliza king'ora kikilia wakati usio wake. Huko kulewa kupo, sikatai. Ila kwetu mlevi alikuwa baba wa fulani, mtu wa shifti ya usiku, mwenye deni dukani. Katika Wake in Fright walevi hawana shifti.

Ukitaka kuona walioishi walijisimuliaje, yuko Pro Hart, mchoraji aliyezaliwa Broken Hill mwaka 1928, akafanya kazi chini ya ardhi kabla ya kujulikana kwa picha zake za wachimbaji na sherehe zao. Halafu kuna mnara uliofunguliwa mwaka 2001 juu ya kilima cha mabaki ya mgodi, katikati ya mji. Umeandikwa majina ya wachimbaji zaidi ya 800 waliofia kazini. Mimi nausoma kama matini. Wahusika zaidi ya mia nane, kila mmoja na jina lake, na hakuna mpita njia kati yao.

Limebaki suala la tafsiri, kwa kuwa nasikia kuna wanaofikiria kuileta riwaya hii katika Kiswahili. Kigingi ni neno moja dogo, mate, ambalo wanaume wa Yabba humwitia kila mwanamume, pamoja na wasiyemjua. Rafiki halifai, ni neno la watu waliochaguana. Mshikaji lingependeza vijiweni lakini lina ucheshi mno, na Crawford si mcheshi. Mimi ningetumia ndugu. Wazee wetu walilitumia kwenye mikutano ya vyama na kwenye msiba vilevile, na ndani yake mna kudaiana. Grant angeitwa ndugu kutoka ukurasa hadi ukurasa na asiweze hata mara moja kuitikia kwa neno hilohilo. Ningeanza kulijaribu kwenye sura ya Crawford na bia ya kwanza.