Mdomo wa Beki

Niliitazama filamu ya Zidane mara mbili kabla sijagundua kwamba macho yangu yalikuwa yanamtafuta mtu mwingine.

Filamu hiyo ilitoka mwaka 2006. Jina lake kwa Kiswahili lingekuwa Zidane: Picha ya Karne ya 21. Wasanii wawili, Douglas Gordon na Philippe Parreno, walipeleka kamera 17 kwenye uwanja wa Santiago Bernabéu tarehe 23 Aprili 2005, Real Madrid ikicheza na Villarreal, na kamera zote zikaambiwa zimfuate mtu mmoja. Mpira unakuja na kuondoka. Magoli yanafungwa na usipokuwa makini hujui nani kafunga. Unachokiona ni Zinedine Zidane akitembea, akitema mate, akijifuta jasho, akiburuza ncha ya buti kwenye nyasi kama mtu aliyepoteza sarafu. Mapumziko wametuwekea vipande vya habari za dunia za siku ile. Hapo naona ni mbwembwe tu, ruka ukachemshe chai.

Kipindi cha pili ndicho chenye filamu. Zidane anawapita watu upande wa kushoto na kumpikia Ronaldo bao la kusawazisha. Baadaye anacheka na Roberto Carlos, kicheko cha kweli, meno nje, na unashtuka kwa sababu kwa zaidi ya saa nzima uso ule ulikuwa umefungwa kama duka la Ijumaa mchana. Kisha dakika za mwisho ugomvi unazuka kati ya wachezaji wengine. Yeye anatoka mbali, anakimbia, anaingiza mikono. Kadi nyekundu. Anatoka uwanjani na filamu inakwisha.

Wakosoaji wengi wameisifu kwa kutuonyesha upweke wa mchezaji, na ni sifa ya haki. Ila kamera zote zile zimemwangalia anayekasirika, na hakuna hata moja iliyomwangalia anayekasirisha. Wapinzani wanapita kwenye picha kama mabega na miguu. Hasira inamfika Zidane kama mvua, haina aliyeileta. Mtazamaji anatoka akiamini imo ndani ya mtu mwenyewe, machoni, kwenye ile kunja ya paji la uso, ikisubiri tu siku yake.

Siku yake tunaijua. Tarehe 9 Julai 2006, Berlin, fainali ya Kombe la Dunia, Ufaransa na Italia. Niliiona ndani ya kibanda umiza Temeke, tumebanana kwenye mabenchi, feni moja. Dakika ya 7 alipiga penalti ya kudokoa, polepole kabisa, ukagonga mtambaa panya na kudondokea ndani ya mstari. Mtu mwenye hasira hapigi penalti ile. Dakika ya 19 Marco Materazzi akasawazisha kwa kichwa. Dakika ya 110, mpira ukiwa kwingine, Materazzi alishamvuta jezi, maneno yakapita kati yao, Zidane akatangulia hatua kadhaa, akageuka, akampiga kichwa cha kifua. Refa Horacio Elizondo hakuona. Aliambiwa na mwamuzi wa akiba. Ilikuwa mechi ya mwisho ya maisha yake ya uchezaji na kadi nyekundu ya 14. Kibanda kizima kilisema neno moja: kwa nini?

Swali lile watu walilijibu kwa tabia yake. Wakakumbusha mwaka 1998 alivyomkanyaga mchezaji wa Saudi Arabia, na mwaka 2000, akiwa Juventus, alivyompiga kichwa Jochen Kientz wa Hamburg na kufungiwa mechi tano. Rekodi ni ya kweli. Lakini waswahili tuna methali kwamba mdomo huponza kichwa, na Berlin iligeuka: mdomo wa mmoja ukaponza kichwa cha mwingine. Materazzi mwenyewe alikuja kukiri kwamba maneno yale yalimgusa dada yake Zidane.

Sheria 17 za soka haziko kimya kwenye hili. Sheria ya 12, inayoorodhesha makosa ya kumtoa mtu nje, inaweka lugha ya matusi kwenye orodha ile ile yenye kupiga. Tatizo ni sikio. Refa anaona kichwa, ulimi hauoni. Na kwa maoni yangu, uhakiki bora wa tukio lile haukuandikwa na msanii, uliandikwa na kamati ya nidhamu ya FIFA: Zidane mechi tatu na faini ya faranga 7,500 za Uswisi, Materazzi mechi mbili na faranga 5,000. Itazame hesabu hiyo. Kamati iliyakuta maneno yana uzito unaokaribia wa pigo.

Msanii Adel Abdessemed hakuyakuta. Mwaka 2012 alitengeneza sanamu ya shaba yenye urefu wa zaidi ya mita tano, ikasimama mbele ya Kituo cha Pompidou, Paris. Mwaka uliofuata ikapelekwa Doha, kando ya bahari, ikaondolewa ndani ya wiki chache baada ya watu kulalamika, kisha mwaka 2022 ikarudishwa jijini. Mimi nimeiona kwa picha tu. Ina nguvu, sikatai. Zidane kainama kama fahali na Materazzi kakunja uso kwa maumivu. Lakini imeganda palepale kwenye pigo, na shaba haina sekunde tano za nyuma. Ukiizunguka pande zote hupati mahali ambapo yule mrefu anaongea.

Sasa niseme kwa nini namtafuta huyo.

Nilikuwa beki wa kati, mechi za mchangani. Sikuwa na kasi. Nilikuwa na mdomo. Mwaka mmoja kwenye robo fainali ya ndondo tulipangwa na timu yenye straika mdogo, mwembamba, ambaye kila mtu alijua atafika mbali. Mama yake alikuwa anauza mihogo ya kukaanga pembeni ya uwanja uleule, na siku ile alikuwepo, na karai lake. Kila mpira uliposimama nilimwendea kijana na kumwambia jambo kuhusu mama yake. Sitaliandika hapa. Nilianza dakika za mwanzo, kwa sauti ya chini, natabasamu, mkono begani kwake kama rafiki. Alivumilia kipindi kizima cha kwanza. Kipindi cha pili alinipiga ngumi ya kifua, nami nikaanguka nimeshika uso.

Refa alitoa kadi iliyostahili. Kijana alijaribu kumweleza, lakini angemwelezaje bila kuyatamka yale maneno, na mama anamtazama? Akanyamaza, akavua jezi, akapita karibu na karai bila kugeuza shingo. Wazee wa pale wakasikitika: kipaji anacho, nidhamu hana. Alifungiwa mashindano yaliyobaki, na msimu uliofuata hakurudi. Sijui kama ni kwa ajili ya siku ile.

Tulishinda moja bila. Kocha wetu aliniita pembeni, akanipiga piga mgongoni.

"Leo umecheza kwa akili, mwanangu," akasema, akaninunulia soda mbili. Nilizinywa zote.