Uchanganyaji wa Sauti kama Suala la Maana katika Hip Hop ya Kiswahili

Uhakiki wa hip hop ya Kiswahili aghalabu huanzia kwenye mashairi yaliyonakiliwa karatasini, ilhali msikilizaji hupokea maneno yakiwa yamekwisha kupita mikononi mwa mtayarishaji. Albamu ya Professor Jay, Machozi, Jasho na Damu (2001), aliyoitayarisha na P-Funk Majani, inadhihirisha uzito wa jambo hili. Katika “Ndio Mzee”, mwanasiasa anamwaga ahadi na umati unamwitikia. Kejeli hiyo hutegemea pande zote mbili zisikike bayana: ahadi ikiwa mbele, kiitikio nyuma yake bila kumezwa.

Sarufi ya Kiswahili inaongeza sharti. Viambishi vya mwanzo wa kitenzi hubeba nafsi, wakati na ukanushi, lakini mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Atajenga na hatajenga hutofautishwa na pumzi ya /h/ tu. Ngoma ikiifunika, ahadi na ukanushi wake huwa kitu kimoja.

Kwa hiyo, kipimo cha kazi ya studio hakimo studioni. Kimo Masasi au Newala, kwenye redio ndogo ya betri, ambayo spika yake haimudu bezi nzito: hukwaruza na kuvuruga sauti ya mghani. Albamu iliyochanganywa vyema ni ile ambayo hata hapo viambishi vyake husikika. Iliyokamilishwa vyema haimlazimu msikilizaji kupandisha na kushusha sauti kila wimbo unapobadilika. Mhakiki anayepuuza hayo anahakiki nusu ya matini.